Kibao cha Tarakimu Nne

Nilikipaka rangi mwenyewe, mwaka ule wa mafuriko:
KARIBUNI HALBROOK, na chini yake misumari minne
ya kutundikia tarakimu za bati.
Minne ilitutosha. Nani angedhani,
huku Manitoba, upepo ukivuma siku kumi bila kumeza mate,
kwamba tungeishiwa na misumari?

Leo asubuhi karani Thérèse Gauvreau kanipigia:
"Wendell, hesabu imefika.
Elfu kumi, mia mbili na sita. Kabadilishe."
Nimekaa ndani ya lori la manispaa, hita inakoroma,
sifuri mbili mapajani mwangu kama sahani tupu.

Chanzo ni kiwanda. Tulikuwa na ghala la nafaka na posta;
vijana wakimaliza shule walipanda basi la Winnipeg
na shingo hawageuzi.
Ndipo wakaja wachinja nguruwe, zamu tatu kwa siku,
na nyuma yao washika visu:
kina Sumagaysay kutoka Iloilo,
na Oleksandr mwenye vyeti vya uhandisi wa madaraja
anayepanga mbavu kwenye mkanda usiosimama.
Duka la mikate la Penner, lililofungwa miaka minane,
sasa linafunguliwa saa kumi alfajiri
na foleni yake inaanzia kwenye theluji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tumepona, sikatai. Uwanja wa barafu una paa jipya.
Lakini mwenyeji akishapona,
mgeni alale wapi?

Mtaa wa Tatu kuna nyumba ya vyumba viwili
yenye jozi kumi na moja za viatu mlangoni.
Kitanda hakipoi: wa usiku anarudi,
wa asubuhi ameshatoka,
mto una joto la kichwa kingine.
Chumba cha chini ya ardhi, dirisha lake sawa na kitabu,
dola mia tisa, na maji ya moto ni bahati yako.
Baraza lilikutana mara sita kujadili jengo moja la ghorofa nne.
Wakasema kivuli. Wakasema maegesho. Wakasema sura ya mji.
Hakuna aliyesema watu.

Likajengwa hatimaye, kwenye shamba la Bibi Orysia Hnatiuk.
Aliuza ekari zote za kanola baada ya goti la pili kugoma,
na bei aliyoiona kubwa siku ile
leo hainunui gereji.
Amepanga ghorofa ya tatu, juu kabisa
ya mahali ng'ombe wake walipokuwa wakizalia.
"Usiku naota nakamua," aliniambia,
"nikinyoosha mkono, nagusa friji."
Mtaa wameuita Malisho.

Tarakimu nazo hazisemi kitu.
Humo yumo binti wa Jasleen Sandhu,
aliyezaliwa usiku wa hesabu, saa tano na dakika hamsini.
Hayumo Lorna wangu,
aliyeondoka wiki mbili kabla.
Kwenye fomu, penye idadi ya wakazi wa nyumba,
niliandika mbili.
Nikafuta.
Nikaenda kuosha kikombe, nikarudi, nikaandika moja.

Nimepachika kipande cha mbao pembeni mwa kibao,
rangi yake haifanani, basi tena.
Lori la matrela mawili likasimama, akashuka Harjot, mume wa Jasleen,
akanishikia ngazi bila kuombwa.
"Tuko wangapi?"
Nikamwambia.
"Ongeza mmoja. Binamu yangu anafika Ijumaa."
"Atalala wapi?"
Akacheka, akatazama upande wa kiwanda, hakujibu.

Sita zimekwisha kwenye boksi, nimegeuza tisa.
Msumari wake haujashika vizuri.
Upepo ukizidi itajigeuza yenyewe,
nasi tutakuwa tumeongezeka watu watatu
bila mtu kuzaliwa, bila mtu kutafuta chumba.